Kabla ya kuirudisha grini kadi: hesabu za kodi kwa anayerudi Kigoma

Grini kadi, yaani kadi ya ukazi wa kudumu Marekani, ikiisha muda wakati uko Kigoma, kodi ya Marekani haiishi pamoja nayo. Kwa IRS, mamlaka ya kodi ya huko, unabaki mkazi mpaka uwasilishe fomu I-407 ya kuachia ukazi, au serikali yao ikuondolee ukazi huo rasmi. Kuishi Ujiji miaka kumi na kadi iliyokufa sandukuni hakubadilishi kitu. Na kwa kuwa Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kodi, huna kifungu cha mkataba cha kujifichia.

Anza na kuhesabu miaka. Kifungu 877A cha sheria ya kodi ya Marekani, kile cha kodi ya kuondoka, kilichopitishwa mwaka 2008, kinamgusa aliyekuwa na kadi katika miaka 8 ya kodi kati ya 15 ya mwisho. Wengi hukwama hapa, kwa sababu hata siku moja ndani ya mwaka huhesabiwa mwaka mzima. Aliyepata kadi Novemba 2017 na kuiachia Februari 2024 amekaa nayo miaka sita na miezi michache tu, lakini kikodi ametimiza minane, kuanzia 2017 hadi 2024. Angeiachia Desemba 2023 angekuwa na saba, na angemalizana na IRS kwa ritani (taarifa ya kodi) ya mwaka ule, bila fomu 8854 ya kodi ya kuondoka. Ukiwa mwaka wa saba na umeshaamua kubaki nyumbani, usiingie Januari nayo. I-407 na kadi yenyewe hutumwa kwa posta. Tuma mapema Novemba kwa huduma yenye namba ya kufuatilia na uthibitisho wa kupokelewa, na ubaki na kopi ya kadi pande zote mbili.

Ukishafika minane, kuna vipimo vitatu, na kimoja tu kinatosha kukubana: mali halisi ya dola milioni 2 au zaidi; wastani wa kodi ya mapato kwa miaka 5 unaozidi dola 206,000 (kiwango cha 2025); au kushindwa kuapa kwenye fomu 8854 kwamba ulitimiza wajibu wote wa kodi kwa miaka 5 iliyotangulia.

Viwili vya kwanza ni vya matajiri. Hata hivyo orodhesha kila kitu: nyumba ya Katubuka, shamba la michikichi, mitumbwi ya dagaa na injini zake, kisha utoe madeni. Tumia mthamini aliyesajiliwa, na mwombe pia thamani ya siku ulipoanza kuwa mkazi wa Marekani, kwa sababu mali uliyokuwa nayo kabla huanzia kwenye bei ya siku hiyo.

Kinachowakamata watu wa kawaida ni kiapo. Ritani hazikujazwa, au akaunti za benki za Tanzania zilizopita jumla ya dola 10,000 hazikutajwa kwenye FBAR, ripoti ya akaunti zilizo nje ya Marekani. Kama hukukusudia kukwepa, utaratibu wa IRS wa kurekebisha yaliyopita, uitwao Streamlined, unataka ritani za miaka 3 na FBAR za miaka 6. Jaza za miaka 5 kabisa, maana kiapo ni cha mitano. Kutowasilisha 8854 kunaweza kukugharimu faini ya dola 10,000.

Aliyebanwa huhesabiwa ameuza mali yake yote siku moja kabla ya kuachia kadi. Faida ya hadi dola 890,000 (2025) husamehewa, kwa hiyo huenda asilipe chochote hapo. Maumivu yako kwingine. Akaunti ya IRA, akiba ya uzeeni ya Marekani, huhesabiwa imetolewa yote kwa mkupuo. Halafu mtoto aliyebaki Ohio akirithishwa nyumba ya Kigoma, ni yeye atakayedaiwa asilimia 40 ya kinachozidi msamaha wa zawadi wa kila mwaka.

Hata asiyebanwa ajiandae: mafao ya Social Security, pensheni ya serikali ya Marekani, ya asiye raia wala mkazi hukatwa asilimia 25.5 kabla hayajamfikia.

Mwenye pasipoti ya Marekani ana vipimo hivyohivyo, bila kuhesabu miaka minane, na lazima aape mbele ya ofisa wa ubalozi, Dar es Salaam au kwingine. Asikimbilie huko. Mtanzania mtu mzima aliyechukua uraia wa nje kwa hiari amepoteza wa hapa, na akiukana wa Marekani kwanza atabaki hana nchi. Aanzie Uhamiaji.

Upande wa TRA, ukishakuwa mkazi unatozwa kwa mapato ya dunia nzima. Ipo nafuu ya mapato ya nje kwa mtu ambaye maisha yake yote amekuwa mkazi Tanzania kwa miaka miwili au chini ya hapo. Aliyekulia Mwanga ya Kigoma alishaimaliza utotoni. Kama nyumba ya Marekani bado inakuletea fedha za upangaji, tunza hati za kodi iliyokatwa kule, kwani bila hizo TRA haitakupunguzia.