Jinsi ya Kusoma Maneno ya Mwelekeo katika Kiyurok

Mwongozo huu unawafaa wanafunzi wa isimu, wafasiri na wasomaji wa simulizi za Wayurok, watu wa kaskazini-magharibi mwa California ambao makazi yao yamepangika kando ya sehemu ya chini ya Mto Klamath na ufuko wa Bahari ya Pasifiki ulio jirani. Mfumo wao wa mwelekeo haukujengwa juu ya pande nne za dira, bali juu ya mwendo wa maji, na msomaji anayeanza kwa kuuliza neno la kaskazini ni lipi atapotea kabla ya kufika ukurasa wa pili.

Hatua ya kwanza: chora mto. Weka dira kando na uchore mstari mmoja unaoanzia Weitchpec, mahali ambapo Mto Trinity unaingia katika Klamath, hadi Requa, mahali mto unapoingia baharini. Tia mshale unaoonyesha maji yanakokwenda, na katikati ya mstari uandike jina la kijiji cha Pecwan. Kaskazini isionekane popote katika mchoro huu kwa sasa.

Hatua ya pili: jifunze mizizi mitano. *Pul* ni upande yanakoelekea maji, na *pets* ni upande yanakotoka. *Hiko* ni ng'ambo ya mto. *Won* ni kupanda mlimani, yaani kuuacha mto bila kuuvuka, na *wohpe* ni ng'ambo ya bahari. Katika maandishi mapya utakuta *ch* mahali ambapo waandishi wa mwanzoni mwa karne ya 20 waliandika *ts*, kwa hiyo *pets* na *pech* ni mzizi mmoja. Mizizi hii hupokea viambishi na kuingia ndani ya maneno marefu, hivyo itafute hata katikati ya majina. Wakaruk, majirani wa mtoni juu, huitwa kwa jina lenye *pets*. Na katika simulizi, Wohpekumeu, mhusika mashuhuri wa nyakati za mwanzo, anabeba *wohpe* katika jina lake, jambo linalomjulisha msikilizaji tangu awali kwamba habari zake zinahusu ng'ambo ya bahari.

Hatua ya tatu ndiyo inayohitaji subira zaidi, nayo ni kuthibitisha nukta ya marejeo. Kila neno kati ya hayo linategemea mahali aliposimama msemaji au mahali panapozungumziwa, kwa hiyo Pecwan ni *pul* kwa mtu wa Weitchpec na ni *pets* kwa mtu wa Requa, ingawa kijiji hakijasogea hata hatua moja. Kabla ya kufasiri sentensi yoyote, andika pembeni jina la mahali hapo. Nimeona tafsiri nyingi zinazojichanganya zenyewe, na mara nyingi chanzo si msamiati bali ni mfasiri kusahau kwamba msimulizi amekwisha kuhama kijiji.

Hatua ya nne: jaribu mfumo kwenye maungano ya mito. Ukiwa Weitchpec, maji ya Klamath yanakuja kutoka upande wa Orleans, makazi yaliyo mtoni juu, ambao kwa dira ni kaskazini-mashariki, na ya Trinity yanakuja kutoka Bonde la Hoopa, ambalo liko kusini. Kisha mto hugeuka na kuelekea kaskazini-magharibi hadi baharini. Maana yake ni kwamba hapo *pets* inaweza kuelekea pande mbili za dira zilizo mbali kabisa, na ni mto unaozungumziwa pekee utakaoamua. Kufasiri *pets* kuwa "mashariki" au *pul* kuwa "kaskazini" ni kosa hata pale ambapo ramani inakubaliana nawe, kwa kuwa kona inayofuata ya mto itakusaliti.

Hatua ya tano: linganisha na majirani. Wakaruk husema *káruk* kwa upande wa mtoni juu na *yúruk* kwa upande wa chini, na hapo ndipo lilipotoka jina "Yurok" lenyewe. Wahupa wa mto Trinity nao huhesabu mwelekeo kwa maji. Kiyurok ni cha familia ya Kialgiki, Kihupa ni cha Kiathabaska, na Kikaruk hakina uhusiano uliothibitishwa na chochote kati ya hivyo viwili; kinachowaunganisha watu hawa ni bonde moja lenye miteremko mikali, ambako safari ndefu ilifuata mto.

Hatua ya mwisho: chagua maneno ya Kiswahili na uyashikilie. "Ng'ambo" inatosha kabisa kwa *hiko*, na sioni haja ya kutafuta jingine. Tatizo ni "juu", ambalo Kiswahili hulitumia kwa mto na kwa mlima vilevile. Ukiliandika peke yake, msomaji hatajua kama mtu amefuata mto kuelekea chanzo au ameuacha na kupanda. Andika "mtoni juu" kwa *pets* na "mlimani" kwa *won*, kisha upitie tafsiri yako nzima ukiwa na ule mchoro wa mto mkononi, ukifuatisha kidole kila mara mhusika anapoondoka mahali.