Sentensi Sahihi ni Ipi? Jinsi ya Kuchuja Majibu Manne

Karatasi ya Kiswahili ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa Kenya mara ya mwisho mwaka 2023, ilikuwa na maswali 50 kwa saa 1 na dakika 40. Dakika mbili kila swali, na humo humo mna vifungu vya kusoma. KCPE imekwisha, lakini swali la "chagua sentensi sahihi" halijatoka mitihanini. Anayechagua kwa masikio hunaswa, kwa kuwa mtungaji huweka makusudi makosa tunayoyasikia kila siku.

Anza na nomino. Tambua ngeli yake, kisha fuata viambishi hadi nukta. Kiumbe hai huchukua ngeli ya A-WA hata jina lake likianza na ki-: "Kifaranga amekufa", si "kimekufa". Ila jihadhari na "Rafiki zangu wamefika". Watahiniwa wengi huikata, na kumbe ni sahihi: kimilikishi "zangu" kimefuata ngeli ya I-ZI, kitenzi A-WA.

Hapo majibu mawili huwa yameanguka. Katika yaliyobaki, tafuta kazi iliyofanywa mara mbili:

"Kitabu ambacho nilichokinunua kimepotea."

Kirejeshi -cho- kimo kwenye "ambacho", kimo tena kwenye kitenzi. Ondoa kimoja: "ambacho nilikinunua" au "nilichokinunua". Zote mbili ni sahihi. Ukitakiwa kufupisha, chukua ya pili. Lakini usiifute amba- kila unapoiona eti ni ndefu. Kiambishi -me- hakipokei kirejeshi ndani ya kitenzi, kwa hiyo "mgeni ambaye amefika" haina njia ya mkato, labda ubadili wakati.

Mzigo wa namna hiyo umo pia katika "katika darasani" (sema "darasani" au "katika darasa") na "Ingawa alichelewa lakini alifaulu", ambapo kiunganishi kimoja kinatosha. "Sisi wote" ni kosa jingine. Ni "sisi sote", "nyinyi nyote". Na -nge- haichanganywi na -ngali-: "Angesoma angalifaulu" ni ya kukata mara moja, bila kuisoma mara ya pili.

Kwenye ukanushaji, linda wakati. "Amefika" hukanushwa "hajafika". "Hakufika" ni Kiswahili safi, lakini ni kinyume cha "alifika", na ndiyo maana karibu kila mara huwekwa miongoni mwa majibu.