Somo: Kuongeza mwanga wa taa za mbele kwa gharama ndogo

Kwa kuwa swali la balbu gani inafaa kwa safari za usiku limekuwa likirudi kila mara, nimeona heri niandike jibu lote mahali pamoja. Balbu mpya iwe kitu cha mwisho kununua. Magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kufika Kampala, na ingawa sheria ya 2018 inazuia kuingiza yenye umri unaozidi miaka 15, hata la miaka 12 huwa limekwisha kupoteza mwanga mwingi kati ya betri na barabara.

1. Osha taa, kisha kwangua kutu na ukaze waya wa hasi mahali unapoungana na bodi.

2. Kioo cha plastiki kikiwa cha manjano, kisugue kwa msasa wa maji namba 800, halafu 1500, halafu 3000, kisha king'arishe na kukipaka vanishi inayokinga miale ya jua. Dawa ya meno haitoshi, na bila vanishi umanjano hurudi.

3. Pima umeme. Taa zikiwa zimewaka na injini inanguruma, pima volti kwenye betri, kisha nyuma ya balbu bila kuchomoa soketi. Betri ikionyesha 14 na balbu ikapata 12.6, upungufu huo wa asilimia 10 tu huinyima balbu ya halojeni (ya kawaida yenye uzi unaowaka) takriban asilimia 30 ya mwanga wake. Tiba ni rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) mbili, moja ya taa za chini na moja ya taa kubwa, zinazochota umeme moja kwa moja kwenye betri kwa waya wa milimita mraba 2.5, huku soketi ya zamani ikibaki na kazi ya kuamsha rilei peke yake. Fyuzi ya ampea 15 kwa kila rilei ikae karibu kabisa na betri, kwa maana waya usio na fyuzi ukigusa bodi unaweza kuteketeza gari. Tahadhari kubwa iko hapa: Toyota nyingi zenye balbu za H4 (balbu moja yenye taa ya chini na taa kubwa) swichi yake hukatia umeme upande wa hasi, hivyo pini ya pamoja, yaani inayotumiwa na taa zote mbili, ina chanya, na fundi anayeunga kwa mazoea ataona rilei haiamki, aanze kulaumu rilei. Pini 85 na 86 za rilei, zile za kuiamsha, ziungwe ndani ya soketi ya zamani, moja kwenye pini ya pamoja na nyingine kwenye pini ya taa husika, wala isiungwe yoyote kwenye bodi; hapo itafanya kazi katika gari la aina zote mbili, linalokatia hasi na linalokatia chanya, mradi rilei haina diodi (kifaa kinachoruhusu umeme upande mmoja tu).

4. Lenga taa. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Ukingo wa juu wa mwanga wa taa za chini uwe sentimita 10 hivi chini ya kimo cha balbu.

Maswali ya wanachama

Swali: LED nyeupe kabisa ni bei gani pale soko la vipuri la Kisekka?
Jibu: Somo halihusu hizo. Kioakisi (bakuli linalong'aa nyuma ya balbu) cha halojeni kimeundwa kwa uzi mdogo unaowaka mahali maalumu. Chipu za LED zikikaa pengine, mwanga hutawanyika na kumpofusha anayekuja.

Swali: Niliweka wati 100 na soketi imeyeyuka. Mbona hukutuonya?
Jibu: Hakuna mahali nilipopendekeza wati 100. Badilisha soketi, urudishe balbu ya wati 60/55 (60 taa kubwa, 55 taa ya chini).

Swali: Mwalimu, gari langu lilitoka Ujerumani. Kwa nini madereva hunimulikia hata nikiwasha taa za chini?
Jibu: Umeuliza jambo la maana sana, dada. Kule huendesha kulia, hivyo mwanga huinuka upande wa kulia ili kumulika ukingo wa barabara, na kwetu huko ndiko anakotoka mwenzako. Tazama alama kwenye kioo: taa isiyo na mshale ni ya kuendesha kulia, na mshale wenye ncha mbili huonyesha taa inayoweza kugeuzwa, mara nyingi kwa kijiti kilicho nyuma yake. Usipouona mshale, tafuta taa za magari ya kuendesha kushoto, kwa sababu kuziinamisha kutakupunguzia umbali wa kuona bila kuondoa kosa.

Swali: Nikipakia matoke Mbarara, taa hupanda juu ya miti. Nizilenge upya kila safari?
Jibu: Hapana, ndugu. Tafuta kitufe cha kuzungusha chenye namba kuanzia 0 karibu na usukani. Kadiri mzigo wa nyuma unavyozidi, ndivyo unavyopandisha namba. Pia futa kioo cha mbele kwa ndani, kwa kuwa utando wa vumbi na mvuke huzidisha mng'ao wa taa za malori.