Mashine ya gemu ikigoma kuwaka, anza na meno ya bodi
Wenzangu mnaokusanya mashine za gemu za zamani, zile za kutumbukiza sarafu: ikigoma kuwaka, usikimbilie kununua bodi nyingine, yaani ile sahani ya saketi yenye gemu lenyewe. Hapa Dar unyevu na chumvi ya baharini vinakula shaba, na panapoumia mapema ni yale meno ya ukingoni mwa bodi yanayoingia kwenye soketi. Bodi za JAMMA, mfumo wa pamoja wa kuunganisha bodi na mashine ulioanza 1985, zina nafasi 56 za meno, 28 kila upande. Yakichafuka yale ya umeme tu, gemu haiwaki, au inajizima katikati ya mchezo.

Chomoa umeme, kisha toa bodi. Sugua meno taratibu kwa raba nyeupe ya kufutia penseli mpaka weusi utoke na yang'ae. Msasa hapana kabisa, unakwangua madini ya juu. Pangusa kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke. Ukishairudisha na kuwasha, pima kwa mita ya volti: bodi inataka volti 5.

Mashine iliyotoka Japani ni ya volti 100, umeme wetu ni 230, kwa hiyo tafuta transfoma ya kushusha Kariakoo kwanza. Na nyuma ya skrini ya kichogo usiingize mkono. Inatunza umeme mkali hata ikiwa imezimwa.