SOMO: Kumtafuta mtu mwenye jina la mtaa wako, ukiwa na simu na bando tu

Wakuu habari za jioni. Juzi nilikuwa Kariakoo nasubiri mzigo Mtaa wa Aggrey, nikamuuliza kijana wa dukani Aggrey ni nani, akasema labda tajiri mmoja wa zamani. Iliniuma, maana habari za huyu mtu zipo wazi mtandaoni, sema hatujui pa kuanzia. Mimi naendaga hivi.

Kwanza jua mtaa uliitwaje zamani, hapa ndo wengi wanakwama. Samora Avenue iliwahi kuitwa Independence Avenue, nyuma yake Waingereza waliiita Acacia Avenue, na Wajerumani Unter den Akazien. Ukiandika Samora utampata Samora Machel, rais wa Msumbiji aliyefariki kwa ajali ya ndege Oktoba 1986, lakini duka lililokuwepo hapo mwaka 1930 hulioni ng'o mpaka uandike Acacia. Majina hayo yamo kwenye ramani za zamani, ukiipata moja itunze kwenye simu.

Pili cheza na spelingi. Wajerumani waliandika Daressalam, neno moja. Kariakoo yenyewe inatokana na Carrier Corps, wabeba mizigo wa vita ya kwanza, kwa hiyo usiandike Kariakoo peke yake, jaribu na Carrier Corps.

Tatu, pa kutafutia. Internet Archive ina vitabu na ripoti za zamani kibao, ila chagua kutafuta ndani ya maandishi, sio jina la kitabu tu. Hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza (National Archives) imeweka barua za serikali kuhusu Tanganyika chini ya namba CO 691. Za Wajerumani zipo Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani, namba R 1001.

Nne, na hii ndo tamu, usiishie kwa mtu mmoja. Aggrey ni Dk. James Aggrey, mzaliwa wa Anomabu, Ghana ya leo, mwaka 1875, akasoma na kufundisha Marekani, halafu 1924 akaja Afrika Mashariki na tume ya Phelps-Stokes iliyokuwa inachunguza elimu. Sasa fuata 1924 hapa Dar, unakutana na Kleist Sykes, ambaye inasimuliwa alionana na Aggrey safari hiyo, na 1929 akawa mmoja wa waanzilishi wa chama cha Waafrika, African Association. Naye ana mtaa wake hapahapa mjini! Kleist alilelewa na Affande Plantan, kwa hiyo jina Plantan nalo litafute. Kila ukipata kitu andika mwaka na namba ya faili papo hapo, kesho hutakumbuka.

MASWALI

Dada wa Temeke: Kaka asante, CO 691 nimeiona lakini faili halifunguki, nalipia wapi?

Jibu: Dada, ile ni orodha tu, mafaili mengi hayajaskaniwa, yapo London. Unaweza kuagiza nakala kwa malipo, ila mimi ningeanza na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, pale Upanga, barua za upande wa huku Tanganyika huenda zipo kwetu.

Mdau wa Mbagala: Babu wa bibi yangu alibeba mizigo vita ya kwanza, nimemtafuta kwenye tovuti ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, hayupo. Nakosea wapi?

Jibu: Hukosei ndugu yangu, pole sana. Wabebaji wengi wa Kiafrika hawakuandikwa majina kabisa, tume yenyewe ya makaburi ilikiri kwenye ripoti yake ya 2021. Hata Sanamu ya Askari pale Samora, ya mwaka 1927, inawataja kwa ujumla tu. Bibi yupo hai? Kama yupo nenda kwake wiki hii, washa simu urekodi, muulize jina kamili la babu yake, kijiji, nani alimchukua, alirudi au hakurudi, na yeye bibi alihadithiwa na nani. Mwisho taja tarehe kwa sauti kabla hujazima.