Somo: Jinsi ya kupanga siku yako bustani ya burudani ili foleni isikumalize

Wakuu, habari za muda huu. Kuna swali linarudi kila mwezi: "Nina siku moja tu, nitapandaje vivutio vyote vikubwa?" Jibu la haraka ni kwamba vyote hutaviweza. Ila wawili wanaoingia na tiketi ileile, mmoja akatoka amepanda vinne na mwenzake kumi na viwili, hawatofautiani kwa bahati. Wametofautiana kwa saa waliyokwenda kila mahali.

Kabla ya hatua zenyewe, hesabu kidogo, maana bila hii mengine yote utayakariri tu. Mwaka 1961 mtafiti wa Marekani John Little alithibitisha kanuni inayotumika kwenye foleni za kila aina: muda wa kusubiri ni idadi ya watu walio mbele yako, gawanya kwa idadi inayohudumiwa kwa saa. Chukua rola kosta (treni ya burudani inayopanda na kuporomoka kwa kasi kwenye reli) yenye treni ya viti 20 inayoondoka kila dakika. Hiyo inameza watu 1,200 kwa saa. Ukikuta watu 1,200 mbele yako, umekwama saa moja. Kivutio cha jirani kinameza 2,400 na kina foleni ya urefu uleule. Hapo ni nusu saa. Kwa hiyo usitishwe na urefu wa foleni. Uliza koo la kivutio ni pana kiasi gani, yaani kinameza watu wangapi kwa saa.

Hatua ya 1: Tenganisha koo pana na koo jembamba

Hapa ndipo wengi wanakosea, kwa sababu wanapanga kwa umaarufu. Haunted Mansion (nyumba ya mizimu) ya bustani ya Disneyland, California (1969) ni maarufu kupindukia, lakini vigari vyake vimeungana mfululizo na havisimami. Watu wanapanda huku vikitembea. Pirates of the Caribbean (1967) nayo inapeleka mashua moja baada ya nyingine. Hizo ni koo pana, foleni inasogea hata ikionekana inazunguka jengo.

Sasa tazama kivutio cha Peter Pan's Flight. Ipo Disneyland tangu bustani ilipofunguliwa mwaka 1955, haina mwendo wa kutisha wala mtambo mpya, na bado foleni yake haiishi. Sababu ni vyombo vidogo vinavyobeba watu wachache. Seven Dwarfs Mine Train ya Disney, Florida (2014) ina tabia hiyohiyo. Koo jembamba likikutana na umaarufu, foleni inaota mizizi saa moja tu baada ya lango kufunguliwa.

Andika orodha yako ya vivutio sita au saba. Vyenye koo jembamba viende asubuhi na usiku. Vyenye koo pana vitakungoja mchana.

Hatua ya 2: Pima watoto nyumbani, wakiwa na viatu

Hakuna kilio kama cha mtoto aliyesimama dakika 70 akarudishwa mlangoni kwa sentimita mbili. Kwenye bustani za Universal, Florida, VelociCoaster inataka kimo cha sentimita 130 na Hagrid's 122; kwa Disney, Flight of Passage inataka 112 na Seven Dwarfs 97. Ukishapima, orodha inajipunguza yenyewe.

Hatua ya 3: Fika kabla ya lango

Dakika 45 kabla ya kufunguliwa, na hapo namaanisha uwe umeshapita ukaguzi wa mifuko, si kwamba ndiyo kwanza unatafuta pa kuegesha gari. Saa ya kwanza ina thamani kuliko tatu za mchana.

Lakini kuna mtego. Walt Disney World, eneo la Disney la Florida lenye bustani kadhaa, inawaingiza wageni wa hoteli zake dakika 30 kabla ya wengine. Kama hulali huko, ukikimbilia kivutio walichokwisha kuingia wao, unakuta foleni imeshajaa hata kabla saa rasmi haijagonga. Pale Magic Kingdom, mojawapo ya bustani hizo, wageni hao wa mapema hufunguliwa sehemu za Fantasyland na Tomorrowland, hivyo wewe anzia upande mwingine. Ukiwa mgeni wa hoteli, geuza: tumia dakika hizo 30 kwa koo jembamba la upande huo, usizipoteze kwa picha za ngome. Ngome haihami.

Hatua ya 4: Mchana usipigane

Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri kila bango la muda wa kusubiri limepanda. Kula mapema kabla wote hawajaona njaa, kisha nenda kwenye maonyesho ya jukwaani, sehemu za ndani zenye ubaridi, na zile koo pana. Mwenye watoto wadogo arudi kulala kabisa. Najua inauma ukikumbuka ulicholipia tiketi, ila mtoto aliyechoka saa nane hatafika usiku, na usiku ndipo foleni zinapoachia.

Hatua ya 5: Soma bango kwa akili

Namba iliyo mlangoni ni makadirio. Kwenye baadhi ya bustani utaona mhudumu akimpa mtu kadi mwanzoni mwa foleni, anaikabidhi mwishoni, na hapo ndipo wanajua amesubiri dakika ngapi. Maana yake namba hiyo inaeleza yaliyompata aliyeingia muda uliopita, si wewe. Mara nyingi pia wanaongeza kidogo, kwa sababu mtu aliyeambiwa 60 akasubiri 45 hutoka na furaha. Unachotakiwa kutazama kwenye programu ya simu ni mwelekeo: inapanda au inashuka? 50 inayoshuka ni bora kuliko 40 inayopanda.

Na ukiona dakika 13 kwenye Haunted Mansion au Tower of Terror, huo ni utani wao wa mizimu, maana kwao 13 ni namba ya mkosi. Ingia haraka, mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna watu.

Hatua ya 6: Foleni ya kulipia, ielewe kwanza

Disney ilianza FastPass, kibali cha kupita foleni ya haraka, mwaka 1999, bure. Mwaka 2021 ikaja Genie+ ya kulipia, na Julai 2024 jina likawa Lightning Lane Multi Pass, pamoja na Single Pass kwa vivutio vichache vinavyouzwa kimoja kimoja. Florida, mgeni wa hoteli zao anachagua muda siku 7 kabla, wengine siku 3. Universal wana Express Pass.

Jambo lisilosemwa sana: foleni ya kulipia haiongezi hata kiti kimoja. Viti ni vilevile, vinagawanywa upya, na aliyesimama foleni ya kawaida ndiye anayelipa kwa muda wake. Ndiyo maana unaweza kuona watu wachache mbele yako na msisogee. Upande wa pili wanapita kama maji. Ile hesabu ya Little bado ni kweli, ila koo lako limebanwa.

Mimi naishauri kwa mwenye siku moja kwenye msimu wa watu wengi. Mwenye siku nne katikati ya wiki tulivu aache, atumie miguu na saa ya kengele.

Hatua ya 7: Dakika za mwisho

Ukiingia foleni dakika moja kabla ya kufungwa, kwa kawaida utahudumiwa. Kile kikubwa ulichokikwepa mchana kifanye wakati huo. Wakati wa fataki pia foleni hupungua, halafu hupanda zikishaisha.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, sisi ni wawili na mtoto wa miaka miwili. Mmoja wetu atakosa kila kitu?*

Hapana. Kabla hamjaingia mwambie mhudumu wa mlangoni kwamba mna mtoto asiyefikia kimo. Disney wanaita Rider Switch, Universal wanaita Child Swap. Mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha mnabadilishana bila wa pili kuanza foleni upya.

*Mpandaji wa pekee ni foleni gani hiyo? Nimeiona ikiwa tupu nikaogopa.*

Umeogopa dhahabu. Kundi la watatu likikaa kwenye safu ya wanne, kiti kimoja kinabaki, na wewe ndiye unayekijaza. Expedition Everest na VelociCoaster wanayo. Hamtakaa pamoja hata mkija wawili, na usiombe kupewa siti ya mbele. Ila ichungulie kwanza: watu wakishaishtukia, inaweza kuwa ndefu kuliko ile ya kawaida.

*Foleni ya mtandaoni ndiyo sawa na ya kulipia?*

Siyo. Ile unajiandikisha kwenye simu, unapewa namba ya kundi, unaitwa zamu ikifika. Disney waliitumia kwa TRON mwaka 2023 na kwa Tiana's Bayou Adventure mwaka 2024 vilipokuwa vipya. Ukiitwa bado unasimama kidogo, usidhani unapita moja kwa moja. Nafasi zinaweza kuisha kwa dakika chache, hivyo simu iwe na chaji na majina ya wenzako yawe yameshaingizwa.

*Mvua ikinyesha tufanye nini?*

Vaa koti la mvua, ubaki. Wengi watakimbia. Kitu kinachofunga vivutio vya nje ni radi, na Florida wakati wa majira ya joto radi za alasiri ni kawaida. Ikitokea, kaa karibu na mlango wa kile unachokitaka. Kikifunguliwa, mara nyingi foleni inaanza ikiwa fupi.

*Je, kikiharibika nikiwa ndani ya foleni?*

Hili lilinikuta kwenye bustani moja, nimeshasimama dakika 110, naona treni kwa macho. Tulitangaziwa tutulie, nikatulia dakika 40 zaidi, wakatutoa wote. Tangu siku hiyo nina kanuni yangu: nawapa dakika 15. Zikipita, naondoka, isipokuwa nikiwa na watu chini ya treni mbili mbele yangu. Ukitolewa, uliza kama wanatoa kibali cha kurudi. Wengine hutoa, lakini wasioulizwa husahau.

*Kivutio kipya kimefunguliwa juzi, nikiwahi asubuhi sana nitapata?*

Utapata, ila hesabu asubuhi nzima. Siku Hagrid's inafunguliwa, 13 Juni 2019, muda wa kusubiri ulifika saa 10. Siyo saa nne asubuhi, mkuu, saa kumi za kusimama. Kama safari yako inaweza kusogezwa miezi michache, isogeze.