Somo: Kupima uzito wa trela ya safari na kupanga mzigo wake

Namba kubwa kwenye kibati cha trela si uzito wake, ni kikomo. Trela yenye kilo 1,400 ikiwa tupu na kikomo cha 1,800 inakuachia kilo 400 tu. Lita ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 limeshakula robo kabla hujapakia hata sufuria.

Hatua ya 1: Mizani. Pakia kama unaondoka kweli, nenda mizani ya malori, pima mara tatu:
- Gari juu ya mizani, trela imeungwa lakini iko nje: 2,370
- Magurudumu ya trela tu, bado imeungwa: 1,510
- Gari peke yake: 2,180

2,370 toa 2,180 ni kilo 190, uzito unaokalia kiungio (pale trela inaposhikana na gari). Trela nzima ni 1,510 jumlisha 190, yaani 1,700. (Kama kiungio chako kina vyuma vya kusawazisha uzito, vile vinavyosukuma sehemu ya mzigo kwenye magurudumu mengine, vilegeze kabla ya kupima, la sivyo hesabu inadanganya.)

Hatua ya 2: Linganisha. 190 ni asilimia 11 ya 1,700. Marekani hulenga 10 hadi 15. Ulaya, 5 hadi 7. Kikomo cha kiungio na cha gari, fuata kilicho kidogo. Kilo hizo 190 ni mzigo wa gari pia, pamoja na abiria. Hapa ndipo wengi wanapokosea.

Hatua ya 3: Panga upya. Vizito viwe chini, karibu na ekseli (mtaimbo wa magurudumu ya trela), mbele yake kidogo. Tuseme ekseli iko mita 4 kutoka kiungio. Sanduku la kilo 40 likikaa mita 2 nyuma ya ekseli linapunguza kilo 20 kwenye kiungio; mita 1 mbele yake, linaongeza 10. Sanduku lilelile, tofauti kilo 30. Kiungio kikiwa chepesi mno, trela inayumba. Kikizidi uzito, gari linachuchumaa nyuma na matairi ya mbele hayashiki barabara vizuri.

Maswali

*Wakuu, baiskeli mbili nyuma hazifiki kilo 40. Tatizo liko wapi?*
Umbali, mkuu. Ziko mwisho kabisa wa trela. Zihamishie ndani, juu ya ekseli.

*Nikimwaga maji yote?*
Tangi likiwa mbele ya ekseli, kiungio kinapungua uzito. Pima likiwa limejaa, pima likiwa tupu.

*Ikianza kuyumba njiani?*
Achia mafuta taratibu, usukani unyooke, usikanyage breki ya gari. Breki za trela zikiwa za umeme na zina swichi yake, minya hiyo peke yake. Ikitulia, simama uhamishe mzigo.